Mrudishe Omary

Duka la Spea, nyuma ya stendi,
Maili Moja, Kibaha.
Jumatano, 16 Julai 2025.

Mpendwa Kaka Kondo,

Shikamoo kaka. Natumaini hujambo, wifi yangu Hajra hajambo, na watoto wanakula na kusoma vizuri. Goti lako vipi? Bado linakusumbua ukipanda ngazi za ofisini, au umeanza kufanya mazoezi kama daktari alivyokuambia? Najua hujaanza. Huku kwetu tuko hai. Naandika hai kwa sababu neno wazima limenishinda.

Ningekupigia simu, lakini hilo tumeshalijaribu. Kila mara nilianza kwa salamu nikamalizia kwa matusi, nawe ukakata. Barua huwezi kuikata katikati. Labda uichane, na ukiichana nitaandika nyingine yenye maneno mabaya zaidi.

Omary yuko kwako. Usinijibu kwamba hayupo. Uliponiambia hujamwona tangu Idi, nilimsikia nyuma yako akikohoa, na kikohozi cha mdogo wangu niliyelala naye chumba kimoja utoto mzima siwezi kukisahau hata mkikipeleka Kongo. Naandika ili umrudishe Kibaha. Yeye amekusimulia ya kwake, nawe umemwamini kwa kuwa ni kitindamimba na analia vizuri. Sasa soma na ya kwangu.

Nianze na gari, maana najua ndilo unalotaka kuliuliza ukajizuia. Gari lako limekufa, kaka. Ile Altezza nyeupe uliyotuachia ulipohamishiwa Kigoma, sasa iko chini ya turubai nyuma ya duka langu, paa limebonyea mpaka limekutana na usukani. Mlango wa dereva tuliukata kwa msumeno. Kuna damu kwenye kiti na sijaiosha, kwa sababu kila nikishika ndoo hasira inanipanda upya.

Uwanja wa Mzee Abeid kule Kisarawe unaufahamu, lile shamba la mikorosho alilolipitishia barabara ya lami ya mviringo. Siku za wazi mtu yeyote mwenye gari na kofia ngumu anaingia, anakimbiza mizunguko yake, anatoka, gari linapoa, anarudi tena. Hakuna mshindi wala zawadi. Watu wanakwenda kujipima roho tu, na Omary alikuwa anaipenda ile lami kuliko anavyopenda chakula.

Gari la kwendea kazini klachi yake unaweza kuisahau mwaka mzima. La uwanjani huwezi. Kule unakanyaga na kuachia, unakanyaga na kuachia, injini inapiga kelele, na bomba la moshi limepita jirani kabisa na silinda ya chini ya klachi, basi ile oili iliyomo inaungua kama mafuta ya mandazi. Ndiyo maana kila tuliporudi Kisarawe, mimi na Lusajo tulikuwa tunaimwaga yote na kuweka mpya, ile ile ya breki, kutoka kopo ambalo halijawahi kufunguliwa. Yeye anakaa juu kwenye pedeli, mimi nalala chini kwenye boksi na spana. Namwambia kanyaga, anakanyaga. Namwambia shikilia, anashikilia, nafungua nati, inatema upepo na uchafu, nafunga, namwambia achia. Tunarudia mpaka itoke safi bila povu.

Lusajo unamkumbuka, fundi mwenye gereji iliyoegemea ukuta wa duka langu, yule Mnyakyusa mrefu. Mdomo wake ulikuwa mchafu kuliko wangu, na ndiyo maana tulielewana. Alikuwa anamtukana mteja huku anamtengenezea gari, na mteja anarudi. Naandika alikuwa. Hajafa, ila mdomo ule sasa umefungwa kwa waya, anakunywa uji kwa mrija, na jicho la kushoto wamelitoa.

Aliyefanya hivyo ni huyo unayemlisha.

Najua amekuambia Lusajo alitaka kumuua. Nikueleze alikolipata hilo. Juma lile la ajali, mbele ya wateja, Lusajo alimsema vibaya kwa ajili ya mguu wake. Omary ana tabia ya kuegesha mguu kwenye klachi hata pasipo haja, na pleti zinakwisha kabla ya wakati.

"We dogo huendeshi, unaua klachi," Lusajo alimwambia. "Na siku moja itakuua na wewe, tukuzike na pedeli lako."

Watu wakacheka. Nami nikamwaga mafuta kwenye moto, nikasema safari ya baada ya hii usukani anashika Lusajo, kwa sababu ni mwepesi kwenye kona na halili gari. Omary aliokota kipande cha bomba akakivurumisha kwenye kioo cha gari bovu lililokuwa pale gereji, kikapasuka chote, akaondoka. Tangu hapo walikuwa hawasalimiani.

Ijumaa ya tarehe nne tulibadilisha oili ya klachi, mimi na Lusajo, kama kawaida. Niliangalia mipira ya silinda zote mbili kwa tochi, mikavu. Nilikanyaga pedeli mwenyewe, gumu, linarudi vizuri. Jumamosi Omary akalichukua gari akaenda nalo Dutumi kumuaga Mama, maana Mama hakubali mtoto wake aende kwenye mbio bila kumwekea mkono kichwani na kumsomea dua. Alilala huko. Jumapili asubuhi akatukuta Kisarawe, mimi na Lusajo na umati wa watu.

Mizunguko ya mwanzo ilikwenda vizuri. Nilikuwa nimesimama kwenye ukuta wa matairi, nasikia gia zinavyopanda na kushuka. Alipumzika kidogo, akaingia tena, safari hii anakimbiza kweli, jua limewaka na lami inanuka. Kwenye mteremko kabla ya ile kona ya mchangani alitakiwa kushuka gia. Nilisikia injini ikilia mlio ambao haukuwa wa kawaida, chuma kinasaga chuma, kama mtu anakatwa. Baadaye aliniambia pedeli lilizama mpaka kwenye zulia na halikurudi. Akakanyaga tena, hamna kitu. Akailazimisha gia kwa mkono, ikaingia kwa nguvu, magurudumu ya nyuma yakajifunga, gari likageuka upande.

Liligonga tuta, likanyanyuka, likaanguka kwa paa, likabingirika, likaanguka tena kwa paa. Vioo vilituruka usoni. Mfuniko wa buti ulichomoka ukapita juu ya vichwa vya watu, na kila kilichokuwa ndani kikatapakaa kwenye nyasi, jeki, kamba, spana ya tairi.

Aliyefika wa kwanza ni Lusajo. Mimi nakimbia, nina miguu, lakini yule mtu aliruka ukuta wa matairi na mtungi wa kuzimia moto mkononi kabla sijapata hata akili ya kupiga kelele. Petroli ilikuwa inatiririka. Aliupulizia moto uliokuwa unaanza kwenye injini, akautupa mtungi, akaingiza mikono kwenye dirisha lenye vioo, akamvuta Omary kwa mabega, akamlaza nyasini. Mikono yake ilichanika mpaka viwikoni.

Omary akafumbua macho. Uso mzima damu. Akamwona Lusajo ameinama juu yake. Kando yake ilikuwa ile spana ya tairi.

Pigo la kwanza lilikuwa la taya. Niliusikia mfupa, kaka, kutoka nilipokuwa. Lusajo akaanguka kwa magoti akiwa bado amenyoosha mkono kama anayetaka kumshika Omary asianguke. La pili lilikuwa la jicho. La tatu na mengine sijui yalitua wapi kwa sababu nilikuwa nimefika. Nilimrukia mgongoni, nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu, hakuhisi. Alikuwa anapiga huku anapayuka, "Amenikatia klachi! Amenikatia klachi, alisema ataniua!"

Kofia yake ngumu ilikuwa imemtoka. Nikaiokota nikampiga nayo kisogoni kwa nguvu zangu zote. Nikuambie kweli, sikulenga kumtuliza. Nililenga kumwangusha, na nilimwangusha.

Ubaya ukawa yale maneno yake yalishasikika. Vijana waliokuwa wanashangilia dakika moja nyuma wakaruka ukuta, wakamkuta mtu ameambiwa ni muuaji, amelala chini, wakaanza kumkanyaga. Nilimlalia Lusajo. Mateke yaliyokuwa yake niliyapata mimi mbavuni, na mpaka leo nikipiga chafya naona nyota. Mzee Abeid ndiye aliyewatawanya kwa mpini wa jembe, naye hakupiga kwa utani. Mmoja alivunjwa mkono. Sikumhurumia.

Lusajo alipelekwa hospitali ya wilaya, kisha mjini, na sasa yuko nyumbani kwa mama yake. Omary nilimfunga vidonda vyake kwa mkono wangu huku namtukana. Jioni yake akasikia polisi wanamtafuta, na asubuhi hayupo. Mengine unayajua, maana ulimfungulia mlango.

Kumbe huku Maili Moja maneno yalifika kabla yetu. Nilipofungua duka siku iliyofuata nilikuta gereji ya Lusajo inapigwa mawe. Wengine ni wateja wake mwenyewe, watu aliowatengenezea magari, wanapiga kelele kwamba fundi anaua watu kwa klachi. Walipasua kioo cha mbele cha kila gari lililokuwa ndani. Walivunja sanduku lake la spana wakazigawana. Nilitoka na mpini wa jeki, nikampiga wa kwanza niliyemfikia begani, nikampiga wa pili mgongoni, wa tatu akakimbia na wengine wakamfuata. Mmoja wao ni mtoto wa yule jirani yako wa zamani, Hamidu muuza mbao. Baba yake alikuja kulalamika. Nilimwambia na yeye ana mgongo.

Nikawa na hasira, lakini ndani ya hasira kulikuwa na swali, na hilo ndilo lililonitesa. Tuliweka oili mpya Ijumaa. Upepo tulitoa. Mipira ilikuwa mikavu. Sasa pedeli limezamaje? Kama ni uzembe, basi ni wangu na wa Lusajo. Kama ni ubaya, basi kuna mtu. Nikaamua kuifungua ile klachi mwenyewe, pale pale kwenye lile gari lililovunjika, kabla mtu mwingine hajaigusa.

Niliegemeza kile kilichobaki cha boneti kwa gogo. Kile kikopo cha oili ya klachi, kile kidogo chenye mfuniko mweusi, kilikuwa kimepona bila hata mkwaruzo. Nilifungua mfuniko, nikapeleka pua karibu kama tunavyofanya kunusa kama imeungua.

Kaka, kilinukia marashi ya waridi.

Nilikaa chini kwenye mchanga. Nikanyanyuka nikanusa tena. Nikachovya kitambaa cheupe, kikatoka na rangi ya zafarani. Nikalala chini ya gari, nikafungua nati ya silinda ya chini, ikatiririka nyepesi kama chai ya rangi, haina ule utelezi wa oili kabisa. Hapo sikuhitaji polisi wala fundi. Oili ya breki inanyonya maji kama mchanga. Ikishayanywa, siku za kawaida hutajua. Lakini ikipata joto la uwanjani yale maji yanachemka, yanageuka mvuke, na ukikanyaga pedeli unakanyaga mvuke tu.

Na katika ukoo wetu mzima, mtu wa zafarani na marashi ya waridi ni mmoja.

Nilikwenda Dutumi siku ile ile. Mama alikuwa anapepeta mpunga uani, akafurahi kuniona, akaniuliza mbavu zinaendeleaje. Sikumsalimia. Nilisimama juu yake kama askari nikamuuliza alilifanya nini gari. Alinitazama bila wasiwasi wowote, akanieleza kama anayesimulia alivyompa mgonjwa dawa.

Alikwenda kwa mwalimu wa chuo akaandikiwa kombe la kinga. Unajua Mama na kombe. Sisi sote tumelelewa kwa zile aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi ya waridi, tukanywa tukiwa na homa, tukanywa siku za mitihani. Omary alikunywa lake Jumamosi usiku akalala. Likabaki nusu. Mama akaona haifai mtoto awe na kinga na gari lisiwe nayo. Na kombe halimwagiwi kitu juu juu, kombe hunywewa. Sasa gari linanyweshwa wapi? Mama akakumbuka alivyoniona mimi, pale uani kwake, nikiongeza oili kwenye kikopo kile, akaniuliza ni nini, nami kwa kumfanyia masihara nikamwambia hili ndilo koo la gari, lisipokunywa hapa halisikii dereva.

Basi baada ya sala ya alfajiri, Omary amelala, Mama alifungua boneti. Akakuta koo limejaa. Akachota ile oili kwa kijiko cha chai, akaimwaga kwenye migomba, akaweka kombe mpaka juu, akafunga. Kisha akaingia ndani akakanyaga pedeli kwa miguu yote miwili, tena na tena, kama alivyotuona tukifanya, ili gari limeze.

"Nililisomea na Ayatul Kursiyu," aliniambia. "Ndiyo maana mwanangu alitoka mzima kwenye chuma kile. Hukuona alivyotoka mzima?"

Nilitamani kupiga kitu. Kila mtu niliyempiga juma lile nilimpiga kwa raha, na sasa aliyestahili hasira zangu alikuwa ameshika ungo, ana chuya kwenye nyusi. Nilipiga teke pipa la maji, likapasuka ubavu, maji yakaingia mpaka kwenye mpunga. Halafu nikamwambia yote. Kwamba klachi haikukatwa na mtu. Kwamba Lusajo ndiye aliyemtoa Omary ndani ya moto. Kwamba taya lake limevunjika sehemu mbili na jicho limetolewa, na watu wamempora gereji, na yote yameanzia kwenye kijiko chake cha chai.

Hakulia. Unamjua. Aliuweka ungo chini, akaniuliza, "Jicho halirudi?" Nikamwambia halirudi. Akaniuliza, "Omary anajua?" Nikamwambia Omary anaamini alimpiga muuaji. Akaingia ndani, akatoka amevaa baibui na kandambili.

Nilidhani anataka kwenda kumtafuta Omary. Aliniambia nimpeleke kwa mama yake Lusajo.

Njia nzima nilimkataza. Nilimwambia nitakwenda mimi, nitasema ni mimi niliyekosea kufunga, watanipiga, nimezoea. Sina aibu ya kukuambia nilikuwa tayari kudanganya mpaka nife. Nilimwambia watu wa Lusajo wamekuja kutoka Tukuyu, wamejaa uani, wajomba na kaka zake, wanamtafuta yeyote wa kwetu wamrarue. Alinijibu kwamba kama wanamtafuta mtu wa kwetu, basi wamempata.

Mama yake Lusajo anaitwa Atupele. Ni mwanamke mnene mwenye mikono ya kutwanga, anauza mchele pale karibu na njia ya Soga. Tulimkuta uani na ndugu zake. Walipotutambua wanaume wakasimama, mmoja akaokota mchi. Mama akapita katikati yao kama hawapo, akaenda mpaka mbele ya Atupele, akavua mtandio akaushika mkononi, kichwa wazi, mbele ya wanaume wasio maharimu wake. Mama yetu, kaka. Biubwa ambaye hata mimi nimeziona nywele zake kwa kuhesabu.

Akasema, "Mwanao hakuharibu gari. Nililiharibu mimi, kwa mkono wangu, nikidhani namkinga wangu. Wako alikwenda kumwokoa wangu, na wangu akamvunja uso. Mimi ndiye Biubwa."

Atupele alimtazama. Halafu akampiga kofi, kaka. Kofi la mkono mzima, la mtu anayebeba magunia. Mama aliyumba mpaka goti likagusa ardhi. Damu ikamtoka puani ikaingia kwenye baibui.

Unanijua mimi. Tangu shule ya msingi hakuna aliyemgusa mtu wetu nikamwacha. Mikono yangu ilishakwenda, nilikuwa nimeshakunja ngumi na hatua moja nimeipiga. Mama akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanishika ukosi wa gauni kama nilipokuwa na miaka sita. Nilisimama. Hakuna pigo nililowahi kupigwa lililoniuma kama kusimama pale.

Mama akanyanyuka, akajifuta pua kwa mtandio. Akamwambia Atupele, "Changu nimepata. Cha mwanangu kipo njiani, nitamleta."

Tuliondoka hapo tukaenda moja kwa moja kituoni, Mama akaandikisha maelezo yake yote, na mimi yangu. Kile kitambaa cha zafarani nimewakabidhi. Kuhusu Lusajo hakuna tena anayesema aliikata klachi, na nimepita kwa waliozigawana spana zake mmoja baada ya mwingine. Nyingi zimerudi. Nyingine zimerudi na meno ya watu.

Hapo ndipo nilipokupigia nikakuambia umrudishe, nawe ukaniambia hujamwona. Ulidhani unamlinda mdogo wako. Najua unampenda, na mimi nampenda, ndiyo maana sikumpiga ile kofia mara ya pili. Najua pia anaogopa jela. Aogope. Ataingia au hataingia, hilo ni la hakimu. Lakini ni lazima aende pale uani kwa miguu yake, amwangalie Lusajo usoni, na ajue alimpiga nani.

Kwa sababu Mama alishatoa neno, kaka, na neno lake hujui linavyofanya kazi kwa kuwa hupo hapa. Siku ya pili yake alikwenda tena kwa Atupele, peke yake, na uji wa Lusajo kwenye chupa. Akavua mtandio mlangoni akasema mwanangu hajafika, kwa hiyo leo nimekuja mimi tena. Atupele hakumpiga. Alichukua uji akamfungia mlango, na Mama akakaa nje juani, kichwa wazi, mpaka alasiri. Kesho yake akaenda tena. Mchana huu nimepita pale, nimemkuta amekaa pale pale, uso umevimba upande mmoja, na watu wanapita wanamtazama. Nilimwambia turudi nyumbani. Aliniambia arudi vipi na Omary hajaja.

Nimsalimie nani zaidi? Wifi Hajra mpe salamu zangu nyingi na umwambie sijamsahau kwa dagaa wale alionitumia. Watoto wabusu, na yule mdogo mwambie shangazi atamletea gari la bati. Shangazi Sikudhani anawasalimu, miguu inamsumbua lakini bado anasengenya vizuri. Mjomba Mfaume naye anawasalimu, amevuna ufuta wake. Mwenyezi Mungu awalinde nyote, awape afya na riziki ya halali, na akulainishie moyo usiku utakapoikunja barua hii.

Omary usimpe salamu yangu. Mwambie tu kwamba Mama yuko mlangoni kwa watu, kichwa wazi, anamngoja yeye.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata ninapokutukana,

Zuleha